Redio ya Bibi na Sifuri Yangu ya Fizikia

Mwaka 1985, nilipokuwa Kidato cha Tatu katika shule yetu hii, nilipata sifuri katika swali moja la mtihani wa fizikia. Swali lilitaka tueleze: wimbi likisafiri katika kamba nyembamba na kufika mahali ilipoungwa na kamba nene, fezi yake inakuwaje? Nami nikajaza ukurasa mmoja na nusu, kwa mwandiko mzuri, nikieleza jinsi bati na risasi zinavyoyeyuka pamoja. Mwalimu alipiga mstari mwekundu toka juu hata chini, akaandika maneno matatu tu: "Hii ni kemia." Wenzangu wa darasa lile, ambao baadhi yao najua watalisoma gazeti hili, walicheka wiki nzima, wakaniita Lihamu. Jina hilo wale wa bweni letu wananiita hata leo.

Bwana Mhariri ametuomba sisi tuliosoma zamani tuandike habari ya jambo moja tulilojifunza shuleni na ambalo hatujalisahau. Nimechagua sifuri ile, kwa sababu haikutokana na uvivu. Ilitoka mbali, Muyinga, katika karakana ya baba yangu.

Muyinga ni mji wa kaskazini mashariki ya Burundi, karibu na mpaka wa Kobero, ambako ukivuka unaingia Tanzania kwa upande wa Ngara. Mama yangu ni mtu wa Ujiji, na ndiyo sababu nikaletwa kusoma upande huu. Baba alikuwa fundi wa vitu vidogo: birika zilizotoboka, taa za mafuta, karai, na redio. Kwa kazi hizo alikuwa na lihamu za namna mbili. Ya kwanza ilikuwa mche mnene, wenye risasi nyingi kuliko bati, na hiyo ndiyo ya birika na karai. Ya pili ilikuwa uzi mwembamba uliozungushwa kwenye kigurudumu, na hiyo ilikuwa ya redio peke yake. Ilikuwa ghali, nayo ilitoka mbali. Kazi yangu ilikuwa kuchochea makaa, kupasha chuma cha kulehemia, na kutogusa redio.

Siku moja ya mwaka 1981, nami nina miaka kumi na miwili, Baba alikwenda Kobero kununua vitu. Akaja Bibi mmoja jirani yetu, mjane, amebeba redio yake katika kitambaa. Hakuwa bibi yangu wa damu, lakini alinilea mgongoni Mama alipokuwa akiugua, na mimi sikumwita kwa jina lingine ila Bibi. Nikamwamkia, "Shikamoo, Bibi." Akaitikia, akasema redio imenyamaza, na baba yako yuko wapi? Nilifungua mfuniko wa nyuma nikaona mara moja: uzi mmoja unaotoka kwenye betri ulikuwa umeachia. Jambo dogo kabisa. Nikamwambia, "Keti, Bibi, nitaitengeneza mimi."

Uzi wa lihamu ulikuwa umekwisha. Ndicho kimojawapo cha vitu alivyovifuata Baba. Nikakata kipande cha mche wa birika. Nikapasha chuma, nikayeyusha, nikabandika. Kisha, kwa kuwa uzi ulikaa upande na mimi nilitaka upendeze, nikausogeza kidogo kwa kidole lihamu ilipokuwa bado inapoa. Redio ikaimba. Bibi akanibariki, akanipa sarafu, nikanunua maandazi. Baba aliporudi sikumwambia neno.

Sasa nieleze kosa lilikuwa nini, ingawa wakati ule sikulijua. Bati safi huyeyuka kwa digrii 232 za Selsiasi, na risasi safi kwa digrii 327. Mtu angedhani kwamba ukizichanganya, mchanganyiko utayeyuka mahali fulani katikati ya hizo mbili. Sivyo. Huanza kuyeyuka kwa digrii 183, chini ya zote mbili. Tena kuna kipimo kimoja, yapata bati sehemu 63 na risasi sehemu 37, ambacho hugeuka kuwa maji kwa mkupuo katika digrii hizo 183, na kikipoa huganda kwa mkupuo vilevile. Uzi wa redio hutengenezwa karibu na kipimo hicho. Lakini mche wa birika, tuseme wenye bati 40 na risasi 60, tabia yake ni nyingine. Ukiupoza huanza kuganda kwenye digrii 238 hivi, na haumalizi mpaka ushuke hadi 183. Katika safari hiyo yote si maji wala si jiwe, ni uji: chembe ngumu zenye risasi nyingi zinaelea katika umajimaji uliobaki. Kwa fundi wa mabomba uji huo ni neema, maana aweza kuupaka na kuulainisha kwa kitambaa akiunga mabomba ya risasi. Kwa uzi wa redio ni mtego. Ukiutikisa wakati huo, chembe zinaachana, nyufa zinabaki ndani, na kiungo huonekana kimeshika kumbe kimeegemeana tu.

(Vijana wa sasa wajue pia kwamba risasi ni sumu, na kwamba nchi za Umoja wa Ulaya zimezuia kuitumia katika vifaa vingi vya umeme tangu 2006. Lihamu nyingi za viwandani sasa ni bati pamoja na fedha na shaba kidogo, nazo huyeyuka karibu na digrii 217. Sisi tuliishika kwa mikono mitupu na kisha tukala maandazi.)

Redio ya Bibi iliimba kwa siku kumi na zaidi. Halafu ikaanza kukatika. Ukiipiga kofi, inasema. Ukiiweka mezani, kimya. Bibi hakuirudisha kwetu, kwa sababu, kama alivyosema baadaye, hakutaka kunitia aibu kwa baba yangu.

Kwetu Burundi redio haikuwa ya muziki na habari za serikali tu. Jioni yalisomwa matangazo ya vifo: fulani bin fulani amefariki, ndugu zake walioko mahali fulani wajulishwe, mazishi ni siku fulani. Simu zilikuwa chache mno, na barua ilichukua siku nyingi. Bibi alikuwa na kaka yake mmoja tu duniani, aliyeishi karibu na mji wa Gitega. Kaka huyo akafa. Tangazo likasomwa jioni mbili mfululizo, na jioni zote mbili redio ya Bibi ilikuwa imenyamaza mezani. Habari ilimfikia kwa mdomo wa dereva wa lori, siku tatu baada ya kaka yake kuzikwa.

Alikuja karakanani asubuhi, akaiweka redio mbele ya Baba bila kuiondoa kwenye kitambaa. Hakunitazama. Baba akaifungua, akashika kile kiungo changu chini ya mwanga wa dirisha. Lihamu nzuri hung'aa. Yangu ilikuwa ya kijivu, yenye mikunjo kama ugali uliolala. Akauvuta uzi kwa kucha, ukatoka.

"Ni lihamu ya birika hii," akasema. "Nani aliitia?"

"Ni mimi, Baba."

"Uliitikisa?"

"Niliisogeza kidogo tu, Baba."

Nilingoja fimbo, na ningalipenda ije. Haikuja. Alisema, "Kesho tunakwenda Gitega na Bibi yako. Utawaambia wafiwa mwenyewe."

Gitega si mbali na Muyinga. Kwa ndege ni kilomita themanini hivi, lakini barabara inazunguka vilima kwa njia ya Karuzi, nasi tulipanda juu ya magunia katika lori. Siku hizo Gitega ilikuwa mji wa pili, mtulivu, wenye jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 1955. Haikuwa bado makao makuu ya siasa kama ilivyo tangu 2019. Mimi sikuona mji. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno, na kila lori liliporuka shimo yalinitoka.

Tulipofika kwa marehemu, wanawake walimpokea Bibi kwa kilio, watu wakisema, "Mwihangane, mwihangane." Baba akanishika bega akanisogeza mbele ya mtoto mkubwa wa marehemu, mtu mzima mwenye mikono myeusi kwa makaa. Nikasema yote, kwa Kirundi changu kilichochanganyika na Kiswahili: lihamu, sarafu, maandazi, siku kumi. Nilipomaliza pakawa kimya. Yule bwana hakusema amenisamehe, wala hakusema hakunisamehe. Aliuliza tu, "Mkono wako una nguvu?" Kisha akamwambia Baba kwamba marehemu alikuwa mfua chuma, umucuzi kama wasemavyo Warundi, na ameacha majembe na visu vya watu ambavyo havijamalizika, na mvutaji wa mivukuto hayupo. Baba akaitikia. Akaniacha pale kwa siku saba.

Siku hizo saba sitazieleza zote. Nilivuta mivukuto tangu kupambazuka mpaka mikono ikawa kama si yangu. Lakini ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona chuma kikibadilika, na hilo lataka maelezo kidogo.

Visu walivifua kutoka spiringi za malori yaliyoharibika. Chuma cha spiringi si chuma kitupu. Ni aloi, chuma chenye kaboni kidogo, pungufu ya sehemu moja katika mia. Yule bwana alikifua kikiwa chekundu, akakiumba, akakinoa. Kisha alikirudisha motoni mpaka kikawa chekundu kama jua linapochwa, akakitumbukiza mara moja katika maji. Alinipa kipande kilichopozwa hivyo, akaniambia nikipige nyundo. Kilivunjika kama chupa. Kipande cha pili, kilichotoka katika maji yale yale, alikipasha tena polepole pembeni ya makaa, huku akitazama rangi ikitambaa juu yake: manjano ya majani makavu, kisha kahawia, kisha zambarau ikielekea buluu. Hapo akakitoa. Hicho nilikipiga mpaka nikachoka. Kilinirushia nyundo tu.

Baadaye nilisoma sababu. Katika chuma atomi zimejipanga kwa safu. Ukikipasha kupita digrii 727, safu huanza kujipanga upya kwa namna nyingine, ingawa chuma bado ni kigumu wala hakijayeyuka hata tone. Mpango huo mpya una nafasi ya kumeza kaboni. Kikipoa polepole, safu hurudi kama zamani na kaboni hupata wakati wa kutoka na kukaa mahali pake. Lakini ukikitia majini ghafula, safu zinataka kurudi, kaboni haina wakati wa kutoka, na vyote hunaswa pamoja katika mpango wa tatu uliobanana, mgumu kupita kiasi na mwepesi wa kuvunjika. Kukipasha tena kidogo, digrii 230 hata 300 hivi, ndiko kunakoilegeza kaboni kiasi, na rangi zile ni utando mwembamba wa kutu ya moto ambao fundi huusoma badala ya kipimajoto.

Nililolishika pale, kabla sijajua neno atomi, ni kwamba lihamu na kisu vina adabu mbili zinazopingana. Lihamu nilikuwa nimeiharibu kwa kuitikisa ikiwa katikati ya kugeuka. Kisu kilitengenezwa kwa kukatizwa katikati ya kugeuka, makusudi. Nilimwuliza yule bwana inakuwaje. Akasema, "Baba yangu aliweza. Mimi nahesabu." Kweli, kila alipotia chuma majini midomo yake ilicheza. Siku ya saba alinipa kisu kidogo nimpelekee Baba, akanipandisha lori la Muyinga.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kichwani miaka minne baadaye, nilipoliona neno fezi katika karatasi ya mtihani. Mwalimu wetu wa kemia alikuwa ametufundisha kwamba maji na barafu ni fezi mbili za kitu kimoja, na mpango mmoja wa chuma na mwingine ni fezi mbili. Kalamu yangu ikakimbia yenyewe.

Baada ya kupata sifuri nilimwendea mwalimu wa fizikia nikiwa na uchungu. Hakunifukuza. Akanieleza kwamba neno ni moja, mambo ni mawili: kwa mkemia fezi ni hali ya kitu; kwa mtu wa mawimbi ni mahali wimbi lilipofika katika kupanda na kushuka kwake, kama mtu akuulizavyo mguu gani uko mbele. Akatoa kamba, akafunga ncha moja kwenye nguzo ya veranda, akaitikisa mara moja. Nundu ikaenda ikiwa juu, ikarudi ikiwa chini. Akaifungua ncha ile akaitundika kwa uzi mwembamba ili iwe huru. Nundu ikaenda juu ikarudi juu. Kisha akaunga kamba nyembamba na nene. Hapo nundu ilifika kwenye kiungo ikagawanyika: sehemu moja ikaendelea katika kamba nene ikiwa juu vilevile, ila kwa mwendo wa polepole, na sehemu nyingine ikarudi ikiwa imepinduliwa. Hilo ndilo lililokuwa jibu, mistari mitatu, alama tano.

Halafu akasema neno lililonikaa: "Likivuka mpaka, wimbi hubadili mwendo wake, na urefu wake, na pengine njia yake. Idadi ya mitikisiko kwa sekunde haibadiliki." Mwanga ukiingia majini hushuka kutoka kilomita 300,000 kwa sekunde hadi kama 225,000, na ndiyo maana kasia huonekana limevunjika, lakini rangi haigeuki kwa yule aliyezama na kufumbua macho. Sisi tuliooga Ziwa Tanganyika tunajua hata zaidi: ukitazama juu ukiwa chini ya maji unaona duara la mbingu, na nje ya duara maji yamekuwa kioo, kwa kuwa mwanga unaokuja kwa mlalo mwingi hauwezi kutoka tena.

Nikamwuliza, "Na mawimbi ya redio, Bwana?" Akaniazima kitabu.

Wasomaji, nilikisoma kitabu kile kama mtu asomaye hukumu yake. Kutoka Bujumbura mpaka Muyinga ni kilomita 125 hivi kwa mstari ulionyooka, lakini Bujumbura iko bondeni kando ya ziwa, na mashariki yake safu ya milima inapita mita 2,600. Wimbi la masafa mafupi linalotambaa juu ya ardhi huchoka upesi katika vilima. Linalofika ni lile lililopanda mbinguni. Juu sana, kilomita mia mbili na zaidi, mwanga wa jua unang'oa elektroni kutoka hewani, na wimbi likiingia katika tabaka hilo linapinda kidogo kidogo, kama mwanga unavyopinda ukitoka majini, mpaka linageuka kurudi chini. Kwa hiyo sauti iliyosomwa Bujumbura ilipanda mamia ya kilomita ili ifike kwa jirani. Na kitabu kikasema zaidi: jua likichwa, elektroni hupungua, na wimbi ambalo mchana lilirudishwa laweza usiku kutoboa tabaka na kupotelea angani.

Jua likichwa! Matangazo yalisomwa jioni. Moyo ulinidunda. Huenda basi haikuwa lihamu yangu. Huenda jioni zile mbili mbingu zenyewe hazikurudisha sauti, na redio nzima kabisa ingalinyamaza vilevile. Usiku ule ule nilimwandikia Baba barua ya kurasa nne, na michoro, nikimweleza tabaka la ionosfia. Sikuandika kwamba naomba kuachiliwa, lakini michoro yote ilisema hivyo.

Jibu lilikuja baada ya wiki sita. Baba hakuwa mwandishi. Aliandika kwamba wote ni wazima, kwamba amefurahi kuona nasoma, na kwamba mwenye hoteli ya chai ng'ambo ya barabara alilisikia tangazo lile jioni zote mbili, wazi kabisa. Hakuja kumwambia Bibi kwa sababu lilisomwa jina la ubatizo la marehemu, na yeye alimjua kwa jina lingine. "Nililijua hilo tangu siku ile," aliandika Baba. "Hukuniuliza."

Likizo ya Desemba nilirudi Muyinga. Siku ya pili Bibi akaja na redio katika kitambaa kile kile, sasa uzi wa spika ulikuwa umekatika. Baba alikuwepo, ameketi, mikono mitupu. Bibi akampita, akaiweka mbele yangu.

Safari hii uzi wa lihamu ulikuwepo. Nikasafisha, nikapasha, nikayeyusha, nikaondoa chuma, nikakaa nimeshika waya bila kupumua. Lihamu iling'aa, ikaganda karibu papo hapo. Niliendelea kushika hata hivyo.

"Umemaliza?" akauliza Bibi.

"Bado, Bibi. Nahesabu."